Tupeane uzoefu: injini ya haibridi iliyozeeka imeleta matatizo, ubadilishe injini au uachane na gari?

Mkazi wa Goba
Wakuu, habari za majukumu. Nina Prius ya mwaka 2010, gari la haibridi, yaani la petroli na umeme, ile ya kizazi cha tatu yenye injini ya 2ZR-FXE ya lita 1.8, na kwa muda sasa injini ikiwaka asubuhi hutikisika kwa nguvu hadi dashibodi inalia, kisha baada ya muda mfupi inatulia kabisa. Kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua lakini sijawahi kuona tone chini ya gari. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na koili, hali ikabaki vilevile. Wa pili amepima kwa kompyuta akapata misimbo ya hitilafu P0302 na P0401, akaniambia injini imekwisha na nitafute nyingine iliyotoka Japani. Gharama aliyonitajia, pamoja na ufundi, inakaribia theluthi ya fedha ambazo ningepata kama ningeliuza gari likiwa zima. Bodi bado ni nzuri na betri kubwa ya haibridi haijawahi kuguswa. Naomba waliopita njia hii waeleze waliamua nini na kilichowapata baadaye.

Dereva wa Umoja, Nairobi
Mimi ninaendesha Aqua kwa biashara ya teksi za simu, na nilibadilisha injini. Nilipoanza kutafuta 1NZ-FXE, injini ya Aqua, pale Grogan kwenye soko la spea, muuzaji wa kwanza alinionyesha iliyotoka kwenye Prius ya kizazi cha pili akaapa kwamba ni ileile, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa ile ya zamani inazungusha pampu ya maji kwa mkanda, ilhali ya Aqua ina pampu ya umeme pamoja na mfumo wa EGR, unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini. Nilipopata inayostahili, ilifungwa vizuri, na gari likarudia kutumia mafuta kidogo kama zamani. Furaha haikudumu. Likaanza kuonyesha onyo la mfumo wa haibridi na msimbo wa P0A80, yaani betri kubwa, wakati akiba yangu yote ilikuwa imekwenda kwenye injini. Fundi alibadilisha moduli (vipande vinavyounda betri) zilizochoka kati ya zile 20, zikatulia kidogo, kisha nyingine zikafuata. Kwa hiyo, ndugu wa Goba, unaposema betri haijawahi kuguswa kwenye gari la 2010, mimi ninasikia onyo. Hata hivyo sijutii, kwa sababu huku Kenya gari lililozidi umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, na kununua jingine jipya zaidi kungeniingiza kwenye mkopo ambao teksi isingeulipa.

Bibi Maua
Suala la betri kufuata baada ya injini nimelishuhudia kwa shemeji yangu. Ninaunga mkono kila neno.

Mchuuzi wa Magari
Liuze kama lilivyo. Asubuhi ukiliwasha mapema, mteja akija saa nne litakuwa limetulia na hataona chochote.

Bibi Maua
Ndugu yangu, huo ni ushauri au ni utapeli? Huyo mteja naye ana watoto na safari zake.

Mchuuzi wa Magari
Mteja ana haki ya kuja na fundi wake. Sijasema mtu adanganye, nimesema asijitangaze.

Mjukuu wa Kalenga
Naomba niandike kwa urefu, kwa sababu nimesoma habari za kutikisika asubuhi na kulanti inayopungua bila kuvuja, nywele zikanisimama.

Gari langu lilikuwa Prius ya kizazi hichohicho. Kila nilipolipeleka gereji, waliongeza maji kwenye chupa ya akiba na kunirudishia funguo. Tukapata msiba Iringa, tukaondoka Dar es Salaam mchana, mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe. Hadi Mikumi hapakuwa na tatizo lolote. Prius haina mshale wa joto la injini, bali ina taa ya onyo inayowaka joto likishapita kiasi, kwa hiyo dereva hapewi nafasi ya kujihadhari mapema. Giza lilikuwa limeingia tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga wenye kona kali nyuma ya lori la mafuta lililokuwa likitambaa, na katikati ya kona taa ikawaka nyekundu. Anayeijua Kitonga anaelewa kwamba pale mtu hasimami anapotaka. Nilizima kiyoyozi, nikafungulia hita hadi mwisho ili itoe joto kwenye injini, tukapanda tukitokwa jasho hadi juu. Huko nilisubiri injini ipoe, nikaongeza maji, tukajikongoja hadi Ilula na kulala nyumba ya wageni.

Asubuhi ndipo mambo yalipoharibika. Usiku ule maji yalikuwa yamepenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, na kukusanyika ndani ya silinda. Nilibonyeza kitufe, gari likawa tayari kimya kimya kama kawaida yake, nikarudi nyuma kwa nguvu ya betri, na injini ilipoamka ikatoa mlio mmoja wa chuma kugonga chuma, ikasimama. Kabla sijajua la kufanya, ikajaribu tena yenyewe, maana kwenye haibridi ni kompyuta inayoamua injini iwake lini, na mota inayoizungusha ina nguvu kuliko stata ya kawaida. Safari hii konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ilitoka ubavuni mwa bloku. Oili na maji vilimwagika kwenye changarawe, na katikati yake kulikuwa na kipande cha bloku chenye ukubwa wa kidole gumba, ambacho bado ninacho kwenye droo.

Cha ajabu ni kwamba gari lilikuwa bado linatembea. Betri ilikuwa na chaji, ikatuvuta polepole hadi kituo cha mafuta, kisha nayo ikaisha, kwa kuwa hapakuwa tena na injini ya kuichaji. Mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama gari hili la umeme nililokuwa nikimsifia lilihitaji injini ya kazi gani. Alipanda basi, akafika msibani kabla yetu.

Nilinunua injini nyingine Dar es Salaam ikaletwa Iringa, na inafanya kazi hadi leo. Lakini kabla haijafungwa nilimlazimisha fundi afungue EGR na kipozeo chake kwenye hiyo hiyo injini iliyotoka Japani, naye akakwangua masizi ya kujaza kikombe. Ugonjwa ulikuwa uleule, ila ulikuwa bado mchanga.

Dereva wa Umoja, Nairobi
Pole sana kwa msiba, ndugu, na pole kwa gari. Ila huyo mama mkwe apewe gereji aisimamie.

Kaka wa Mbagala
Je, baada ya hapo mama mkwe amekubali kupanda tena gari hilo?

Mjukuu wa Kalenga
Anapanda, lakini kwanza anauliza kama maji yameangaliwa.

Fundi wa Tabata
Tumwache mama mkwe kidogo, tumrudie mwenye mada, kwa sababu ameambiwa injini imekwisha na mtu ambaye, kwa maelezo haya, hakuifungua hata kidogo. P0302 inasema silinda ya pili inakosa moto, na P0401 inasema moshi wa ekzosi unaorudishwa kupitia EGR hautoshi. Kwenye 2ZR-FXE misimbo hii miwili ikija pamoja na kulanti kupotea, kitu cha kwanza kushukiwa ni njia za EGR zilizoziba masizi, na cha pili ni gasketi ya hedi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kinamaanisha injini imekufa.

Fanya hivi. Jioni gari likiwa limepoa, fundi afunge pampu ya mgandamizo kwenye mdomo wa rejeta, ajaze mgandamizo wa kawaida wa mfumo, aiache usiku kucha, na gari lisiwashwe kabisa. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajabonyeza kitufe, atoe plagi zote nne na kushusha kamera ndogo ndani ya kila silinda. Ikiwa gasketi inavuja, utaona matone ya waridi juu ya pistoni, na mara nyingi kichwa cha pistoni hiyo kitakuwa kinang'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga, wakati zile nyingine tatu zimevaa masizi meusi, kwa sababu mvuke wa maji umekuwa ukiisafisha kila siku. Kisha apime mgandamizo wa silinda zote na alinganishe. Ikiwa konrodi haijapinda na silinda hazina mikwaruzo, hedi ifunguliwe, ichongwe ikiwa imepinda, iwekwe gasketi mpya, na EGR, kipozeo chake pamoja na vijitundu vya manifoldi visafishwe vyote. Ikiwa konrodi imepinda, hapo ndipo tuzungumze habari za injini nyingine.

Jambo moja zaidi: asikubali mtu ashushe injini hiyo bila kwanza kuchomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa kwenye betri kubwa na kusubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota, uishe. Betri ya kizazi hicho ina moduli 28 na volti zaidi ya 200.

Kijana wa Tandale
Mnahangaika bure na FXE wakati 2ZR-FE ya Premio na Allion imejaa mitaani. Bloku ni moja. Mimi nimekwisha kuzifunga mbili na zinatembea.

Fundi wa Tabata
Zinafanana kwa nje. FXE hufunga vali za kuingiza hewa kwa kuchelewa, na uwiano wake wa mgandamizo ni 13 kwa 1. Kamshafti na pistoni zake zimetengenezwa kwa mpango huo, na kompyuta ya haibridi inaitarajia injini ya namna hiyo. Ukiweka FE bila kuhamishia vifaa hivyo vya FXE, umempa mtu gari la haibridi lenye ulaji wa Premio. Hizo mbili ulizozifunga zinakwenda kilomita ngapi kwa lita?

Kijana wa Tandale
Wenye magari hawajalalamika.

Fundi wa Tabata
Mmoja wao yuko gerejini kwangu, na analalamika.

Kaka wa Mbagala
Haya, hapo ndipo tulipokuwa tunapangojea.

Msafiri wa Minnesota
Ninaandika kutoka Marekani, ambako Prius za umri huo bado zinatembea. Hesabu ya huku ni kinyume cha ya kwenu: saa za fundi ni ghali kiasi kwamba kufungua hedi na kubadilisha gasketi kunaweza kumgharimu mtu karibu sawa na kufungiwa injini iliyotumika, kwa hiyo wengi wanaruka moja kwa moja kwenye injini. Ninyi mna ufundi wa bei nafuu na spea za bei ya juu. Kwa mazingira ya Dar es Salaam, ningefungua hedi kwanza bila kusita.

Mzee wa Tanga
Vijana, mnazunguka mno. Tilia oili nzito ya 20W-50, mwaga chupa ya dawa ya kuziba kwenye rejeta, uendelee na maisha yako.

Fundi wa Tabata
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, oili ya injini hii ni 0W-20, na dawa hiyo ya kuziba haichagui tundu. Itaziba na njia nyembamba za hita na rejeta vilevile.

Mzee wa Tanga
Marahaba. Pikapu yangu imekwenda hivyo tangu hamjazaliwa.

Bibi Maua
Mzee, pikapu yako haizimi na kuwaka yenyewe kwenye foleni ya Ubungo.

Mkazi wa Goba
Nawashukuru nyote, hata wale mliogombana. Nimefanya kipimo cha usiku kucha kama fundi alivyoelekeza. Asubuhi kulikuwa na kulanti ya waridi juu ya pistoni ya silinda ya pili, na kichwa chake kilikuwa kisafi kuliko vyote. Mgandamizo wa silinda hiyo ni wa chini kiasi, lakini tumepima na kimo cha pistoni zote zikiwa juu, zote ziko sawa, kwa hiyo fundi anaamini konrodi haijapinda. Kipozeo cha EGR kilipofunguliwa, mwanga wa tochi haukupita. Hedi imepelekwa kuchongwa. Kuhusu betri, tumefungua njia ya hewa ya feni yake pembeni mwa kiti cha nyuma, na vumbi lililokuwamo linatosha kueleza kwa nini feni ilikuwa ikipiga kelele. Moduli bado tunazipima. Moduli zikikutwa dhaifu, nitafunga gasketi, nitaliendesha kwa muda na kuliuza nikimweleza mnunuzi kila kitu. Zikiwa nzima, nitabaki nalo. Ninabakiwa na swali moja: nikija kulazimika kubadilisha injini baadaye, namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari inakuwaje?

Dereva wa Umoja, Nairobi
Huku Kenya taarifa hizo hurekebishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na polisi wa barabarani wakilikagua gari wanaweza kulinganisha namba. Usinunue injini bila risiti.

Fundi wa Tabata
Kwa Tanzania kadi hiyo inarekebishwa TRA, mamlaka ya mapato, nawe utahitaji kuonyesha ilikotoka injini, kwa hiyo muuzaji asiyetaka kuandika namba ya injini kwenye risiti achana naye hata kama amepunguza bei. Kwa sasa, hedi ikirudi, mwambie fundi apime urefu wa boliti zake kabla ya kuzirudisha, kwa kuwa hukazwa kwa pembe na hutanuka. Pampu ya maji ya umeme nayo ibadilishwe sasa wakati kila kitu kiko wazi.

Mchuuzi wa Magari
Ukiamua kuliuza, nitafute.

Bibi Maua
Na aje na fundi wake.