Tumeachishwa tisa kwa barua moja, kesi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) zinaunganishwa?

Mbeba Mizigo: Wakuu habari za jioni. Tulikuwa ghala moja hapa Dar, tumepunguzwa watu 9 kwa barua ile ile wamebadilisha majina tu, langu lenyewe wamelikosea. Kila mtu akajaza fomu namba 1 ya kufungua mgogoro kivyake, sasa kila mmoja ana namba yake na tarehe yake, nauli inatumaliza na wakili wa mwajiri ni yule yule. Inawezekana ikawa kesi moja? Kuna wengine wawili waliachishwa wiki hiyo hiyo kwa wizi, nao wanataka kuingia.

Kaka wa Temeke: Inawezekana. Sisi tulikuwa 6, tukaandika maombi, mwajiri akapewa nakala, mwamuzi akakubali maana hoja ilikuwa moja, hatukushirikishwa kabla ya kupunguzwa. Hao wa wizi waacheni na kesi yao. Nyie mnabishania mashauriano, wao wanabishania katoni zilipitaje getini, mashahidi tofauti kabisa, mkichanganya mtasikilizwa mwaka mzima habari za katoni.

Dada Mzoefu: Ila jamani msiandike "fulani na wenzake 8" mkaishia hapo!! Ambatanisheni majina yote tisa na kila mtu asaini mwenyewe kwamba amemruhusu fulani kumwakilisha. Hii inaonekana kitu kidogo ila kesi zinafika mpaka Mahakama Kuu zinaangukia hapo hapo. Halafu hesabu ya kila mtu ikae peke yake, kaanza lini, mshahara wake kiasi gani, maana kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, hamuwezi kulingana.

Mbeba Mizigo: Asante dada. Mmoja wetu alipeleka fomu siku ya 41, akiingia na sisi si anapona?

Dada Mzoefu: Haponi. Kesi ya kuachishwa kazi inafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, ajaze fomu namba 2 aombe kuongezewa muda, aeleze alikuwa wapi siku zote hizo. Hiyo imalizwe kwanza ndo muunganishe, la sivyo mtakaa wote mnamsubiri yeye. Na kama kuna ambaye hakufikisha miezi 6 kazini, huyo madai ya kuachishwa isivyo haki hana.

Mbeba Mizigo: Dah. Huyo wa siku ya 41 ndo tulimchagua awe mwakilishi.