Maprodyuza mnaotanua fidla kwa ujanja wa fezi mnatuharibia kazi!!

Wakuu salaam. Nina hasira na leo sifichi kitu.

Mie napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu hapa Unguja. Tulirekodi nyimbo moja ya harusi ya mtoto wa dada yangu: fidla tatu, selo, kanuni, kodiani na dumbaki. Kwenye fidla kila mpigaji alipiga teki tatu, yaani alirekodi wimbo mara tatu, na kila teki nawahamisha viti, mara karibu na maiki mara kule ukutani, kwa hiyo jumla tukatoka na trak tisa. Mzee wetu wa fidla ya tatu kavuka sabini, teki ya mwisho mkono wa upinde ulikuwa ushaanza kumtetemeka lakini kagoma kupumzika, maana alijua tunachotafuta, zile tofauti ndogondogo, huyu anawahi kidogo, huyu anachelewa, huyu uzi wake uko juu unywele mmoja, hizo ndo zinafanya fidla zijae kuanzia kushoto mpaka kulia bila kutumia dawa yoyote.

Tukamlipa prodyuza laki tatu na nusu amiksi. Miksi ikaja, nikaiskiliza kwenye hedifoni, wallahi ni bahari! Nikamshukuru kabisa.

Siku ya harusi ukumbini fundi kafunga spika zote mono, yaani kushoto na kulia kazichanganya ziwe sauti moja, kama maukumbi mengi tu, ili aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia wasikie kitu kimoja, na hapo hajakosea hata kidogo. Nyimbo ikaanza. Kanuni ipo, kodiani ipo, dumbaki ipo, fidla HAKUNA. Waimbaji wanamaliza ubeti, pale tunapotakiwa kujibu sisi pana uwazi tu na mwangwi kwa mbali. Shangazi akaniinamia sikioni akaniuliza, "Mwanangu, mbona leo hamkupiga fidla?" Na mzee yuko meza ya pili, kavaa kanzu mpya, anatazama spika.

Kesho yake asubuhi niko studio, nikamwambia fungua sesheni nione. Trak tisa katumia MOJA. Kaikopi, moja kaitupa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa, halafu ya kulia kaigeuza fezi. Sasa hapo wimbi likipanda kushoto, kulia linashuka kiasi kilekile, kwenye hedifoni sikio linachanganyikiwa linaona ni upana, ila ukizikusanya kwenye spika moja ni sawa na kutoa tano kwenye tano. Nikamwomba abonyeze kitufe cha mono. Mita ya fidla ikalala chini kabisa mbele ya macho yake!

Selo nayo kaikopi, upande mmoja kaichelewesha milisekunde 10. Ujanja huu wanauita Haas, kwa jina la Mjerumani Helmut Haas aliyeuandikia tasnifu mwaka 1949, na yeye alikuwa anachunguza mwangwi unavyoathiri maneno ya mtu anayeongea, si selo. Ukiweka mono, kuchelewa milisekunde 10 kunachimba mashimo (sauti inapotea) kwenye hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, 50, 150, 250, 350 na kuendelea. Uzi wa re wa selo uko kwenye 147, yaani umeangukia shimoni kabisa, wakati uzi wa sol ulioko 98 unanguruma vizuri tu. Ndo maana kwenye simu selo inasikika noti moja imenenepa, inayofuata imekonda kama inatoka ndani ya ndoo, na mpigaji wetu ndo anaambiwa hajui kupiga!!

Jibu lake sasa: "siku hizi watu wote wanaskiliza na hedifoni mzee." Watu gani hao? Simu ngapi za huku mtaani zina spika moja? Redio ndogo ya dukani je, spika ya bluetooth jikoni, maspika ya sherehe?

Upana tulishampa mkononi. Alitakiwa achukue teki ya kwanza aiweke kushoto, ya pili kulia, ya tatu karibu na kati, selo aiache katikati ishike chini, kisha riverbu (mwangwi wa kuongezea) ya stirio kwa mbali, basi. Au angetuambia mapema tukae nusu duara mbele ya maiki mbili, sentimita 17 kati yake, zimetazama nje kwa pembe ya nyuzi 110, kama mafundi wa redio ya Ufaransa walivyozoea, chumba chenyewe kingefanya kazi. Na kabla hajatuma angebonyeza mono, ni sekunde mbili tu jamani.

Nikamwambia sawa, rudia na zile nane. Akaniambia alizifuta, diski ilikuwa imejaa.

Mzee karudi kwao Pemba na mkono haumruhusu tena kupiga kutwa nzima. Diski ninayo mie, nimemnyang'anya, na sijaiwasha tangu jana. Mwenye ujuzi wa kurudisha mafaili yaliyofutwa naomba anijibu hapahapa, gharama nitatoa.