Sproketi moja mbele kwenye baiskeli ya mlimani: kishika cheni ni lazima?

Tandala
Wakuu, habari za Jumapili. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ilikuwa na sproketi tatu mbele. Fundi kaniondolea mbili, kaacha ya katikati tu, meno 32. Nyuma gia tisa. Kwenye lami haina neno. Nikishuka vijia vya mawe huku Lushoto cheni inachomoka, hasa nikiacha kukanyaga. Ninunue sproketi ya meno manene na membamba, au nifunge kishika cheni yaishe?

Spana10
Mkuu, hiyo ya katikati ilitengenezwa iachie cheni. Itazame ubavuni: baadhi ya meno yamekatwa makusudi ili cheni ihame kirahisi. Leo unaitaka ing'ang'anie! Ya manene na membamba ni kinyume chake. Pingili za cheni hupishana, moja ina nafasi pana, inayofuata nyembamba, na jino nene hujaa kwenye ile pana. Ndiyo maana idadi ya meno huwa shufwa: 30, 32, 34. Kampuni ya SRAM walitoka nayo kwenye seti yao ya gia ya XX1 mwaka 2012, na siku hizi baiskeli nyingi za sproketi moja zinauzwa bila kishika cheni.

Bi_Karura
Meno peke yake hayatoshi, ndugu yangu. Kibadilisha gia cha nyuma kina klachi, ile inayoukaza mkono wake usichezecheze? Sukuma ule mkono wake kwenda mbele kwa kidole. Ukikubali bila ubishi, huna. Kila jiwe unalogonga linaurusha, cheni inalegea na mtikisiko unasafiri hadi mbele. Mimi ninayo klachi, kishika cheni sina, na huku msitu wa Karura, Nairobi, sijawahi kuhangaika. Vilima vya Ngong ni habari nyingine.

Tandala
Nimeusukuma, unakwenda kama mlango wa baa.

Bi_Karura
😂 Basi. Shimano za gia tisa za zamani ndivyo zilivyo. microSHIFT Advent ni ya gia tisa na ina klachi, ila utalazimika kununua na shifta yake, ile ya kubadilishia gia kwenye usukani.

Tandala
Hiyo sasa ni pesa ndefu, dada.

Mteremko_tu
Mnamzungusha bure. Afunge kishika cheni. Wanaoshindana kushuka milima kwenye Kombe la Dunia wana klachi na meno hayo hayo, na wengi bado wanakifunga. Halafu subirini masika: matope na mchanga vinakula meno, na jino nene likishakonda halina tofauti na jembamba.

Spana10
Wale wanashuka kwa kasi ambayo Tandala hataifikia, na aombe asiifikie. Ila kwa asiye na klachi nakubali, vyote viwili. Anza na sproketi, kisha kishika cheni cha juu, kile kidogo cha plastiki. Kikirekebishwa sawasawa cheni haikigusi ukiwa unakanyaga. Usinunue cha ISCG, kile cha kufungwa kwa skrubu kwenye fremu; fremu yako ya zamani haitakuwa na yale matundu matatu kandokando ya ekseli ya pedali. Na fundi alipunguza pingili? Cheni iliyokatwa kwa kipimo cha sproketi kubwa sasa ni ndefu mno.

Tandala
Hakugusa cheni kabisa. Sasa hicho kidogo kinafungwa wapi?

Spana10
Kwenye bomba la kiti, pale kilipokuwa kibadilisha gia cha mbele. Pima unene wa bomba kabla ya kuagiza. Kwa kawaida ni milimita 28.6, 31.8 au 34.9.