Lulu za kutunga kidani: nizikague vipi kabla sijalipia mzigo?

Bi_Shanga_Ngamiani

Waungwana, habari za muda huu. Natunga vidani na bangili za harusi hapa Tanga, Ngamiani. Maharusi wa sasa wanataka lulu, wamechoka na zile za plastiki zinazobambuka rangi fungate haijaisha. Mchuuzi mmoja anayeleta mzigo kutoka Dubai na Guangzhou ameniachia kamba mbili za mfano, niamue kufikia Ijumaa.

Ya kwanza ni nyeupe, duara kabisa, na karatasi yake imeandikwa South Sea Shell Pearl AAA. Ya pili ni lulu ndogo zilizorefuka kama yai, yeye anaziita za maji baridi. Ya kwanza anaiuza karibu mara mbili ya ile ya pili.

Naomba kujua: nitazikagua vipi bila mashine? Kuna aliyeniambia nizichome kwa kiberiti. Uzi gani unafaa, maana wengi hapa tunatungia mshipi wa kuvulia? Na je, hiyo AAA ina uzito gani kwenye bei? La ziada: mvuvi wa Kigombe ana lulu aliyoitoa ndani ya chaza, anataka mamilioni. Nimpe jibu gani?

Sonara_Chumbageni

Kiberiti kiweke jikoni, dada. Lulu ni chokaa iliyopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa utomvu wa chaza mwenyewe. Moto unakausha utomvu huo, lulu inapasuka au inageuka kahawia. Siki na ndimu ni hivyo hivyo, zinakula chokaa. Ukishamaliza jaribio umeshaharibu mali ya mwenzio.

Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10, mizani ya dhahabu na kalipa, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake kwa milimita. Ukikosa kalipa, panga lulu 10 kwenye rula, ugawe urefu kwa 10.

Kwanza sugua lulu mbili za kamba moja, taratibu sana. Za kweli zinakwaruzana kama zina mchanga laini na kutoa vumbi jeupe kidogo. Pangusa kwa kidole, utakuta pale pamebaki pazuri. Za bandia zinateleza, na ukizidisha, rangi inatoka. Watu hutumia meno ya mbele kwa kazi hiyo hiyo, ila mali ya dukani usiitie mdomoni.

Pili, tundu. Uso wa lulu unaweza kukudanganya, tundu hudanganya kwa shida sana. Sogeza lulu kwenye uzi, utazame ukingo wa tundu kwa lenzi kwenye mwanga wa dirishani. Lulu ya kweli ina ukingo mkali uliokatika safi. Ya bandia ina ukingo uliovimba kama rangi ya mlango iliyojikusanya, au umebanduka na kuacha kitu cha rangi nyingine chini yake. Ukiona kinachong'aa kama chupa, ni kioo.

Mizani inakamata plastiki tu. Lulu ya milimita 8 ina takriban gramu 0.7. Kioo cha ukubwa huo kinakaribia hapo hapo, plastiki haifiki hata nusu. Kwa hiyo ikiwa nyepesi, irudishe. Ikiwa nzito, bado hujajua kitu. Ubaridi mkononi nao usiutegemee, kioo pia ni baridi.

Tupe vipimo: idadi, milimita, gramu, na ulichokiona tunduni.

Mzigo_wa_Kariakoo

Hiyo karatasi yenyewe imeshajieleza, sijui kwa nini watu hawasomi neno la katikati. Hizo za "shell" ni shanga iliyochongwa kwenye gamba, ikapakwa rangi yenye mng'ao. Hakuna chaza aliyeitengeneza. Si wizi mtu akikuuzia kwa jina hilo. Wizi unaanza pale neno "shell" linapodondoka njiani, ikabaki South Sea peke yake. South Sea halisi inatoka kwa chaza mkubwa anayefugwa Australia, Indonesia, Ufilipino na Myanmar. Kwa kawaida inaanzia milimita 9 na kupanda hadi 16 au zaidi, na bei yake haifanani kabisa na ya kamba anayokuachia mchuuzi ukae nayo hadi Ijumaa.

Ukipata orodha za jumla utakutana na majina haya. Akoya, ya Japani hasa, milimita 6 hadi 9, duara na yenye mng'ao mkali. Tahiti, yenye weusi wa asili, mara nyingi kuanzia milimita 8. Ya maji baridi, ambayo ndiyo lulu nyingi kuliko zote duniani, inafugwa China ndani ya kome wa maziwani na mabwawani, na soko lake kuu la jumla liko Zhuji, mkoa wa Zhejiang. Kome mmoja hupandikizwa vipande vingi vya nyama ya kome mwenzake na kutoa lulu makumi kwa mkupuo, ndiyo maana bei inashikika. Nyingi hazina shanga ya kuanzishia ndani, ni lulu yenyewe hadi katikati, kwa hiyo hazibanduki tabaka hata zikivaliwa sana.

AAA? Kila muuzaji ana AAA yake. Hakuna kipimo cha kimataifa cha herufi hizo. Linganisha kamba kwa kamba, kwa mambo yanayopandisha na kushusha bei kweli: ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, usafi wa uso, unene wa tabaka, na jinsi lulu za kamba moja zinavyofanana. Mimi mng'ao nauweka mbele. Shika kamba chini ya taa moja. Ukiona taa imekaa ndani ya lulu na kingo zake zimekatika vizuri, hiyo ni nzuri. Ukiona doa jeupe lililotawanyika kama maziwa, hiyo ni ya kupewa bei ya chini hata iwe duara namna gani.

Ukiletewa nyeusi za milimita 6 au 7, nyingi, bei poa, ni za maji baridi zilizotiwa rangi. Rangi hujikusanya tunduni na kwenye vidoa, na uzi wa ndani hutoka na madoa. Kuuza si dhambi, ila mwambie mteja.

Bi_Shanga_Ngamiani

Ahsanteni sana. Nimepima kwa fundi jirani.

Kamba ya kwanza: punje 49, zote milimita 8 kamili, hakuna iliyopishana. Gramu 36. Zikisuguliwa zinateleza. Tunduni kuna kama ngozi nyembamba imeinuka kwenye punje tatu, chini yake ni cheupe cha kufifia, si kioo.

Kamba ya pili: punje 53, upana milimita 6, urefu kama 7 na nusu, ila hazilingani sawasawa. Gramu 20. Zinakwaruza. Tundu safi, dogo mno, sindano yangu imekwama kwenye punje nyingi. Baadhi zina mistari ya mzunguko.

Sonara_Chumbageni

Ya kwanza ni shanga za gamba zilizopakwa, kama alivyosema mdau hapo juu. Uzito umefanana na lulu kwa sababu gamba na lulu ni udongo mmoja. Ngozi iliyoinuka tunduni ndiyo ushahidi. Jasho na marashi vikipita hapo, inaendelea kumenyuka. Kama utazichukua, ziuze kwa jina lake na kwa bei ya bandia nzuri.

Ya pili ni ya maji baridi, halali. Mistari ya mzunguko ni ya kawaida kwenye lulu zisizo na shanga ndani, inashusha bei kidogo lakini si kasoro ya kukataa mzigo. Anayekuuzia bandia ghali kuliko ya kweli ama hajui anachobeba ama anajua sana. Chukua ya pili, na usimwonyeshe furaha kabla hamjapatana.

Ukitaka kujua kama lulu ni ya asili au ya kufugwa, hapo lenzi imefika mwisho, ni kazi ya maabara yenye eksirei. Bahrain, ambako sheria inakataza biashara ya lulu za kufugwa, kuna maabara ya DANAT mjini Manama kwa kazi hiyo. Kwa vidani vya harusi hapa Tanga chukulia zote ni za kufugwa.

Kifundo_Kimoja

Nije kwenye uzi. Mshipi achana nao. Ni mgumu, kidani hakilali shingoni kinasimama kama waya, na vifundo vyake vinafunguka vyenyewe. Zaidi ya hapo unasaga tundu kutoka ndani.

Tumia uzi wa hariri wa kutungia lulu. Tundu la lulu za maji baridi mara nyingi ni milimita 0.7 au 0.8, kwa hiyo uzi wa 0.6 unapita na kifundo chake hakizami ndani. Mwombe sonara akuvutie waya wa fedha wa milimita 0.7 uwe kipimo chako: punje isiyopitisha waya huo itengwe ikapanuliwe. Kupanua ni kwa tupa nyembamba ya almasi, kwa mkono, lulu ikiwa imelowa maji, ukizungusha kutoka pande zote mbili. Ukiingiza upande mmoja tu, ukingo wa upande wa pili unameguka. Sindano iwe ya waya uliosokotwa, jicho lake linajikunja likipita. Ya chuma ndiyo iliyokukwamia.

Kwa kidani cha sentimita 45 kata mita 2. Utundike uzi na kitu kizito kidogo usiku kucha unyooke, la sivyo utanyooka shingoni mwa bibi harusi na mapengo yataonekana. Panga lulu zote kwenye kitambaa kabla ya kutunga, kubwa katikati, ndogo nyuma. Kifundo kimoja kila baada ya punje. Funga kifundo kikiwa kimelegea, ingiza sindano ndani ya kitanzi, kisukume hadi kiguse lulu, ndipo uvute. Ukikaza mapema kinabaki mbali na hakirudi. Kila kifundo kinaongeza karibu milimita 1, kwa hiyo kamba yako ya sentimita 40 itafika 45 yenyewe.

Faida ya vifundo: uzi ukikatika ukumbini inadondoka punje moja, na lulu hazisagani. Punje tatu za kila mwisho, zikishapanuliwa tundu, zirudishiwe uzi mara ya pili kabla ya kufunga kifungio, hapo ndipo kidani hukatikia. Mwisho tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi. Gundi kali ya papo hapo usitumie, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya lulu na uzi unakuwa mkavu, unavunjika.

Sonara_Chumbageni

Nakubali yote ila hariri kwa joto letu. Jasho la Tanga linaiozesha haraka. Nailoni iliyosokotwa ya unene huo huo inadumu zaidi.

Kifundo_Kimoja

Inadumu, lakini kifundo cha nailoni ni kigumu zaidi na mkao si ule. Cha harusi, hariri. Cha kuvaa kazini kila siku, nailoni, sibishi. Kwa vyovyote, mvaaji wa kila siku arudishe kidani kitungwe upya kila mwaka. Dalili ni vifundo kuwa vyeusi na lulu kuanza kucheza kwenye uzi. Na umwandikie mteja kwenye kikaratasi: marashi, udi na mafuta kwanza, lulu baadaye. Akivua, apanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu, akihifadhi pekee ndani ya kitambaa, si pamoja na dhahabu, maana karibu kila kito kinaikwaruza lulu.

Chaza_Bagamoyo

Kuhusu mvuvi wa Kigombe. Chaza mwenye midomo myeusi, yule yule anayefugwa Tahiti, anaishi pia pwani yetu, kwa hiyo lulu kutoka kwake inawezekana. Ila nyingi zinazotoka kwa bahati ni ndogo, zimepinda, au zimebandikana na gamba. Kama chaza alikuwa wa kula, wale wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko na miamba, kitu hicho ni kijiwe cheupe kisicho na mng'ao, hakina soko. Muulize pia kama alimchemsha kwanza. Moto wa sufuria unaua mng'ao, haurudi.

Kuitazama: duara au tone lililo sawa, mng'ao wa kina, zaidi ya milimita 6, bila kupikwa, hiyo inastahili kupelekwa maabara kabla ya kutajiwa bei. Pungufu ya hapo ni kumbukumbu nzuri, mtengenezee kipini. Usimpe fedha kwa matumaini.

Kama unataka kitu cha kwetu, ulizia lulu nusu za Unguja. Kina mama wa Fumba na Bweleo wanazifuga: shanga iliyokatwa nusu inagandishwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, anarudishwa baharini miezi kadhaa akaifunike. Baada ya kuvuna inakatwa, shanga inatolewa, pango linajazwa, nyuma inabandikwa kipande cha gamba. Kwa hiyo ina gundi. Haitungwi kwenye uzi, inakaa kwenye pete, hereni au kidani cha kuning'iniza, na isilowekwe majini, gundi ikiachia kuba linatoka. Ukinunua, ishike kwenye tochi: sehemu inayopitisha mwanga kuliko nyingine ina tabaka jembamba, itapasuka hapo.

Bi_Shanga_Ngamiani

Mmenisaidia mno. Swali dogo: hizi za pili nikitaka hereni zake, sonara anaweza kuchomelea kikombe lulu ikiwa ndani?

Sonara_Chumbageni

Hapana, asithubutu. Kikombe chenye kijiti kichomelewe kwanza, kioshwe kwenye asidi, kisuguliwe, kikaushwe kabisa. Lulu inaingia mwisho, kwa gundi ya kuchanganya vichupa viwili, kwenye tundu lisilotoboka hadi upande wa pili, kwa hiyo mwombe mchuuzi punje za namna hiyo, si za kwenye kamba. Kijiti kikwaruzwe kidogo gundi ishike, kiache saa 24. Hereni ikirudi kutengenezwa, lulu ivuliwe kabla ya moto na kabla ya asidi, hata kama mteja ana haraka. Na kwa jozi chagua punje mbili ukiziweka pamoja mchana, nje, si chini ya taa ya duka. Rangi zinazofanana usiku mara nyingi zinaachana jua likitoka.