Tupeane uzoefu: ulisubiri mwendelezo wa gemu, ukaletewa toleo la pembeni

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mafiati, Mbeya. Wapenzi wa gemu tusimuliane yaliyotukuta.

Naanza mimi. Gemu ya Diablo nilijifunzia kwenye kompyuta ya kaka yangu, ile ya pili ya mwaka 2000. Ya tatu ilitoka 2012, tukakaa tukiingoja ya nne. Tarehe 2 Novemba 2018 palikuwa na BlizzCon, tamasha la Blizzard wanaotengeneza Diablo, kule Anaheim, California. Huku ni usiku, mvua inapiga bati, nimejiunga bando kwa hela ya nauli. Wakatangaza Diablo Immortal, gemu ya simu! Shabiki mmoja akasimama kuuliza kama huo ni utani wa Aprili Mosi uliochelewa. Watu wakazomea, na aliyekuwa jukwaani akawauliza kwani hawana simu.

Simu ninayo, ndiyo niliyokuwa naangalizia. Kilichoniuma ni ya nne kutotangazwa. Wangesema inakuja, hii ya simu ningeipokea kama nyongeza. Hiyo ya nne ilitangazwa Novemba 2019, ikatoka Juni 2023.

Makambako
Kaka, mimi siku ile nilifurahi. Sijawahi kuwa na kompyuta. Hizo Diablo zenu nilikuwa nazisikia kwa binamu yangu, basi nikasema leo na sisi tumekumbukwa. Wale waliozomea niliona wananizomea mimi.

Juni 2022 ikatoka. Kupakua bure, ila nilifuta picha na nyimbo ili ienee. Nilicheza miezi mitatu kwa raha kabisa. Huko ngazi za juu ndipo nikaona wanaonunua vito vya kuongeza nguvu kwa pesa halisi wananiacha mbali, hata nikikesha. Hasira yangu ilianzia hapo.

Kihesa, Iringa
Nina kibanda cha kuchezesha gemu za PS (PlayStation). Wengi wanacheza mpira tu, lakini nilikuwa na vijana wanne wa Metal Gear, ya tano tuliimaliza pamoja. Hideo Kojima aliyeibuni akaondoka 2015, na Agosti 2016 ikatangazwa Metal Gear Survive, ya kupigana na mazombi. Mashabiki waliwaka. Mimi nikawatetea watengenezaji, nikawaambia vijana tuijaribu kwanza.

2018 nikaagiza diski Dar, ikaja na basi. Kumbe inataka intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Kibandani nilikuwa nawasha intaneti ya simu, bando likikata na gemu inakata. Tena nafasi ya kuhifadhi mchezo ni moja, ya pili unalipia. Vijana wanne, akaunti moja, nafasi moja. Kila anayekuja anakuta mwenzake kavuruga alipoishia. Ndani ya wiki mbili wakarudi kwenye mpira, na lile kundi halikukaa tena pamoja. Hilo linaniuma kuliko hela ya diski.

Tukuyu
Mimi ni gemu ya Metroid Prime, shujaa wake ni Samus. Ya tatu ilitoka 2007, halafu 2015 wanatangaza Federation Force ya Nintendo 3DS, ile mashine ya gemu ya mkononi, unacheza askari wasio na majina badala ya Samus. Watu waliandika ombi isitishwe, nami nilitia jina. Ilitoka 2016 hivyohivyo. Nimeicheza, mkiwa wengi ni nzuri, lakini sijutii kutia jina.

Mafiati
Dada wa Makambako, hilo la kuzomewa sikuwahi kuliwaza. Pole sana. Hivyo vito ulinunua hata kimoja?

Makambako
Kimoja, kwa hela ya viazi. Sikurudia.