Dema gani la kambakoche (koche) kipupwe hiki: la kukunjwa, la chuma, au nizamie tu? (Wellington na jirani)

MtotoWaTanga (ameanzisha mada)
Wakuu salaam. Niko Wellington, New Zealand, upande wa kusini wa mji. Kiangazi navua kwa mshipi, ila safari hii nataka koche wa kula nyumbani, na nataka kuanza sasa hivi Juni badala ya kungoja Desemba ambapo kila mwenye boti yuko majini.

Nimebaki na njia tatu. Kuna madema ya kukunjwa, yale ya fremu nyembamba na wavu. Mepesi, yanaingia kwenye buti ya gari na naweza kuyapakia kwenye kayaki yangu. Halafu jirani yangu ana boti ya mita tano na nusu, anasema tuchangie mafuta na tununue madema mazito ya chuma. Ya mwisho ni kuvaa suti nene ya mpira, nizame mwenyewe na glavu, bila dema wala boya. Mfuko siyo mnene. Nyumbani tuko watano na mama watoto ameshaulizia nazi. Nipeni ulinganisho wa mtu aliyelowa, siyo wa tangazo la duka.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, kabla hujafungua pochi muelewe kwanza huyo mnyama wakati huu wa mwaka. Koche mwekundu wa huku, jike hujivua gamba kabla ya baridi kuingia, anapandwa, kisha anakaa na mayai chini ya mkia baridi yote. Jike mwenye mayai haruhusiwi kabisa, anarudi baharini palepale. Dume hujivua baadaye, baridi inapoisha, kwa hiyo Juni na Julai gamba lake bado gumu na amejaa nyama. Maana yake utainua dema limejaa, ukafurahi, halafu zaidi ya nusu unawarudisha.

Hilo ndilo linaloamua dema. Unataka lenye mlango wa juu unaofunguka wote, umtoe jike bila kumkwangua mayai. Yale ya kukunjwa mengi unaingiza mkono kwenye tundu la zipu, koche ameshika wavu kwa miguu yote, vidole vyako vimekufa ganzi, na ukimvuta kwa nguvu unabaki na mguu mkononi. Kwa kiangazi sina neno nayo. Kwa sasa, hapana.

MtotoWaTanga
Shikamoo mzee. Jike na dume nawatofautishaje haraka, kama hana mayai?

NahodhaMstaafu
Marahaba. Mgeuze utazame jozi ya mwisho ya miguu. Jike ana kikoleo kidogo kwenye ncha, dume ana ncha moja tu. Na lazima ujue, maana vipimo vyao havilingani: upana wa mkia wa chini unaoruhusiwa, dume ni milimita 54, jike 60. Unapima kati ya ncha za ile miiba miwili mikubwa ya pingili ya pili ya mkia. Nunua kipimo cha chuma ukifunge kwa uzi kwenye boti. Yule mkubwa wa kijani wa kaskazini ana kipimo chake, cha urefu wa mkia, milimita 216.

KusiKali
Mkuu mimi niko huku huku kwako, na jibu langu ni chuma, bila kupepesa macho. Kusi ya Cook Strait, huu mlango wa bahari kati ya visiwa viwili vikuu, siyo ile ya Tanga. Ikivuma siku mbili, mawimbi yanaingia hadi chini kwenye miamba na dema jepesi linatembea. Jamaa yangu aliweka ya kukunjwa jioni bahari imetulia kama maji ya mtungi, kesho yake asubuhi alikuta moja limejipinda kwenye jabali fremu ikiwa imegeuka duara, jingine hajaliona mpaka leo. Na dema lililopotea haliachi kuvua, linaendelea kuua huko chini bila mwenyewe. Hilo linaniudhi kuliko hela.

Chuma changu nimefunga na uzito wa ziada chini, pembe zote nne. Kamba: kina cha maji ongeza kama nusu yake, basi. Usiachie mapindo marefu yanayoelea, na funga kipande cha risasi mita chache chini ya boya ili kamba izame. Kwanza, kamba inayoelea inanasa propela za watu. Pili, Juni na Julai nyangumi wenye nundu wanapita Cook Strait kwenda kaskazini, na kamba iliyolegea ndiyo inayowanasa.

Na uangalie ramani kabla ya kutupa. Hifadhi ya bahari ya Taputeranga ipo hapo hapo pwani ya kusini tangu 2008, na ndani yake huchukui kitu, hata konokono.

BintiMalindi
Jamani mbona mnaizika kayaki ikiwa hai? Mimi niko Christchurch, navulia kwenye ghuba za Banks Peninsula, na nimetumia ya kukunjwa baridi na kiangazi. Siri ni mahali. Ndani ya ghuba, nyuma ya mwamba, kina cha mita sita hadi kumi, siku ambayo upepo umelala. Ninafunga mnyororo wa zamani kuzunguka sehemu ya chini na linakaa. Siliachi usiku. Natupa alfajiri, nanywa chai yangu, nainua kabla ya adhuhuri. Naambulia wachache, kweli, lakini sikuchanga mafuta ya mtu na siombi ratiba ya mtu.

La zipu namuunga mkono mzee. Yangu nilikata upande mmoja nikaweka kifuniko cha kulabu.

Kwa wanaovuka kuja huku kisiwa cha kusini, Canterbury na Marlborough: ukishamchukua koche unatakiwa kukata theluthi moja ya pezi la katikati la mkia hapo hapo, ili ajulikane ni wa kitoweo siyo wa biashara. Na Kaikōura kikomo cha idadi ni kidogo kuliko sehemu nyingi, angalieni programu ya sheria za uvuvi ya Wizara kwenye simu kabla ya kutoka.

KusiKali
Dada, kwa ghuba nakukubalia. Lakini yeye yuko pwani ya kusini ya Wellington, hapo hakuna ghuba ya kujificha. Kayaki, maji ya nyuzi 11 au 12, mtu peke yake anavuta dema… mimi nisingemruhusu mdogo wangu.

BintiMalindi
Hapo sawa kaka. Kwa pwani hiyo, hapana.

Mzamiaji_Mombasa
Niwatetee wazamiaji basi, maana hakuna aliyetugusa. Ukizama unachagua. Unamuona dume kwenye pango, pembe zimetokeza nje, unamwacha jike na mayai yake amepumzika. Dema halichagui, linaleta wote juu kisha wewe ndiwe unayeanza kuwarudisha. Na huhitaji chambo.

Lakini nisikudanganye, bwana. Kusi ikishavuma maji yanakuwa uji kwa siku kadhaa, huoni mkono wako. Kisha kichwa kinauma kwa baridi ukizama mara ya kwanza, hata na kofia ya mpira. Bunduki ya mshale kwa koche ni marufuku, kwa hiyo ni mkono tu au kitanzi. Mimi Juni hadi Agosti nazama siku mbili tatu nzuri tu, zingine nategemea dema la rafiki. Ukiwa hujawahi kuzamia bahari ya baridi, usianzie Juni, na usiende peke yako.

Perth_Kwetu
Nawasoma kutoka Australia Magharibi. Kwetu koche ni jamii nyingine na sheria ni nyingine: lazima leseni, madema mawili kwa mwenye leseni, gamba la mbele milimita 76. Wengi huku tunatumia dema la mbao za vibanzi na kitako cha chuma. Linazama vizuri na koche anashika mbao kuliko chuma kitupu. Je, huko New Zealand hamna?

NahodhaMstaafu
Yapo kwa wazee wachache, na ya fito yalikuwepo zaidi zamani. Koche anayapenda, hilo nakubali. Tabu yake ni kuyatunza, na kwenye miamba yetu yanavunjika. Huku leseni hatuna kwa kuvua bahari, ila mtu mmoja asizidi madema matatu kwa siku, na boti yenye watu wawili au zaidi isizidi sita. Boya liandikwe herufi ya jina lako na jina la ukoo, wino usiofutika. Dema liwe na matundu ya kutorokea wadogo, upana milimita 54. Kabla hujalipa dukani chukua kipimo uyapime, maana nimeona ya kuagizwa kwenye mtandao hayana kabisa.

MtotoWaTanga
Chambo je? Nimesikia kila mtu na dini yake.

KusiKali
Kichwa cha samaki kibichi, chenye mafuta. Mimi natumia kahawai, samaki wa huku, na mifupa ya snapper (changu) nikiipata bure. Kilichooza kinaleta viumbe vingine usivyovitaka. Weka kwenye kikopo chenye matundu, la sivyo chawa wa bahari wanakimaliza usiku mmoja, asubuhi unakuta mfupa mweupe kama umesuguliwa.

MbajuniHalisi
Na pweza! Hamjamtaja pweza. Kwetu Kiunga wavuvi wanamfunga pweza kwenye fimbo wanamwingiza pangoni, koche akimuona tu anatoka mbio. Huku pweza anaingia kwenye dema mwenyewe. Utainua dema ukute magamba mazima, yamefunguka pale kifua kinapoungana na mkia, ndani hamna kitu, na yeye amejikunja kwenye kona anakutazama. Hapo hamisha dema, usilirudishe palepale, atarudi yeye au nduguye. Mimi namchukua naye, kwangu ni kitoweo bora kuliko huyo koche.

Mgeni_Bukavu
Samahani wapendwa, swali ndogo. Nikipata zaidi ya wa kula, naweza kuuzia watu wa kanisa letu? Hata kwa bei ya mafuta ya boti tu?

BintiMalindi
Hapana ndugu yangu. Si kuuza, si kubadilishana na mchele, si "changia mafuta". Ukimpa mtu bure ni sawa, akila mezani kwako ni sawa zaidi. Koche wengi wa biashara wa hapa wanasafirishwa hai kwenda China kwa bei kubwa, ndiyo maana maofisa hawana mchezo na hilo. Mtego, boti, gari, vyote vinaweza kuondoka.

MtotoWaTanga
Asanteni sana. Kwa jinsi mlivyosema, naenda na jirani: madema mawili ya chuma kwanza, siyo sita, mlango wa juu, uzito chini. Ya kukunjwa nitanunua moja ya kiangazi nikienda kwa dada BintiMalindi kutalii. Kuzamia namwachia Mzamiaji.

Swali la mwisho: chini tuyaache muda gani?

KusiKali
Usiku mmoja, baridi wanatembea polepole. Ukiona utabiri wa kusi unakuja, yatoe siku moja kabla hata kama hayajakamata kitu. Na redio ya boti iwe chaneli 16, simu kwenye mfuko usioingia maji, jaketi la kujiokolea mwilini, siyo chini ya kiti.

NahodhaMstaafu
Na ukifika nyumbani mweke kwenye barafu au friza nusu saa mpaka alegee kabisa ndipo umtie kwenye maji ya moto. Hateseki, na mkia haukazi. Nazi iingie mwishoni, moto mdogo.

MbajuniHalisi
Mzee, nazi gani sasa, ya kopo?

NahodhaMstaafu
Ya kopo. Tufanyeje.