Pikipiki ya umeme ya Talaria, oili ya gia boksi inabadilishwaje? Niko Kigoma

Habari wakuu. Nimechukua Talaria Sting kwa mtu, natembelea Ujiji, Mwanga na wikiendi natoka nayo barabara za vumbi huko nje ya mji. Sasa ina kelele ya kukoroma ukiachia mafuta, nikawauliza mafundi bodaboda wawili wakanijibu pikipiki ya umeme haina oili, mwingine akasema ipo. Nimshike nani? Na kama ipo naimwagaje bila kuharibu?

FundiMwanga:
Kaka oili ipo. Wanaobisha wameona Sur-Ron Light Bee, pikipiki nyingine ya umeme, ile kutoka kwenye mota inatumia mkanda kwa hiyo hamna cha kumwaga, ila Talaria Sting ina meno ya gia yanazunguka ndani ya oili halafu ndo cheni. Haichafuki kwa moshi maana hakuna kinachoungua, inachafuka kwa unga wa chuma, na meno yakiwa mapya ndo yanasagana zaidi ndo maana ile ya kwanza inamwagwa mapema. Wewe umeinunua kwa mtu, historia yake huijui, mwaga tu.

Kwanza zunguka nayo kidogo oili ipate joto, kisha kabla hujagusa chochote zima breka ya bateri (swichi ya kukata umeme) na utoe funguo, hii usiichukulie poa, mota haingurumi kwamba utasikia iko tayari, ukigusa akseleta mkono ukiwa kwenye cheni kidole kinaenda. Isimamishe wima, safisha vumbi pembeni ya bolti NDIO ufungue, ya juu ya kujazia kwanza kisha ya chini ya kumwagia. Tope jeusi laini ni kawaida, vipande vya chuma unavyovishika kwa vidole hapana, hapo fungua gia boksi. Weka wosha mpya na usikaze kwa hasira, kava ni aluminiamu, thredi zinakufa.

Mtabora_porini:
Naongezea, angalia rangi. Ikitoka kama chai ya maziwa maji yameingia, huku kwetu masika watu wanavuka mbuga maji yamefika kwenye mota halafu wanashangaa beringi zimekufa. Badilisha sili, oili peke yake haitakusaidia

Muuliza swali:
Asanteni sana. Nijaze kiasi gani, na nikikosa ya gia naweza weka ya injini?

FundiMwanga:
Fuata kitabu cha modeli yako, aina na ujazo, MX3 usiifananishe na MX4 (ni matoleo tofauti ya Sting) kwa kukisia. Usipime kwa ile iliyotoka, huenda ilikuwa pungufu. Nunua sirinji kubwa duka la dawa za mifugo upime vizuri, ukizidisha inapata moto na kusukuma sili. Ya injini usiweke mpaka kitabu kiiruhusu. Na kabla ya yote kagua cheni, ikilegea nayo inakoroma ukiachia mafuta.